Mlango Uliomezwa na Zege

Dada mtu alimzibia mdogo wake mlango kwa zege. Hilo ndilo kosa, na lisemwe mapema kabla wenye midomo hawajalizungusha. Hakuteleza ulimi, wala hakusahau. Alimtuma mdogo wake mbali, na mwenzake alipotoa tu mguu, fremu ya mlango ikang'olewa, tundu likazibwa, zege likamwagwa juu yake. Na zege si uji, useme likiwa zito utaongeza maji.

Huyo mdogo mtu ni msusi. Vichwa vya nusu ya mtaa vimepita katikati ya magoti yake, na wenye vichwa hivyo humwita Mama Dirisha. Watoto wake wamekua na wana miji yao. Mume wake alitoka kwenda kununua betri za redio, na redio yenyewe imekwisha kufa kwa kumngoja. Shule hakukaa, ila mdomo wake umekaa kila mahali.

Dada mtu ni mwanamke wa heshima zake. Akitembea utadhani barabara ilitandikwa kwa ajili yake peke yake. Mumewe alikuwa akiuza mafriji yaliyotumika, mpaka siku alipokwenda kwenye semina ya ujenzi akarudi amekumbatia kipande cha povu gumu, cheupe, kama mzazi aliyekabidhiwa mtoto wa kwanza.

"Hii ndiyo nyumba," akasema.

Msusi akakitazama. "Shemeji, hiyo si ndiyo huwa inakuja na televisheni?"

"Ndiyo yenyewe. Lakini hii ina kazi nyingine."

Akaeleza, na tangu siku ile hajaacha kueleza. Vipande vile vina uwazi katikati. Unavipanga kimoja juu ya kingine, vinashikana meno, unapitisha nondo ndani ya uwazi, halafu unamwaga zege kutoka juu. Zege likikauka, povu unaliacha hapo hapo, ndani na nje, kama ukuta umevaa makoti mawili. Jua halipiti. Kelele hazipiti. "Nje joto, ndani baridi," alikuwa akimalizia kila mara, akiwa kazini, msibani, kwenye foleni ya maji. Mtaa ukamwita Bwana Baridi, naye akaona ni cheo.

Kiwanja kilikuwa cha mama yao. Marehemu alikuwa na vyumba viwili vya zamani vilivyopakana, na aliwagawia kwa mdomo wake mwenyewe: hiki cha mkubwa, hiki cha mdogo, na kila mtu na mlango wake. "Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana," aliwaambia, "na ninyi ni vikombe vya udongo." Kwa hiyo Bwana Baridi alipotaka kujenga nyumba ya povu, ilibidi vyumba vyote viwili vivunjwe. Wakakaa kikao jikoni. Wakakubaliana nyumba iwe moja na milango iwe miwili. Mlango wa dada utazame geti. Wa mdogo uwe upande wa pili, utazame barabara, wateja wake wapite bila kumsumbua mtu. Kwa neno hilo, na bila neno jingine, msusi alikubali chumba chake kibomolewe.

Tena akafanya kazi kama punda. Mafundi waliviita vile vipande mikate, maana vilikuwa vyeupe na vyepesi, na msusi alivipenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa anajitwika mikate mitatu kichwani, kila mmoja mkubwa kama benchi, anapita nayo barabarani huku anaongea na simu. Wapita njia wasiojua walisimama wakashika vifua.

"Mama, utavunjika shingo," mmoja alimwambia.

"Nimezoea," akajibu, akajifuta jasho ambalo halikuwepo. "Kwetu wanawake wote tunabeba hivi."

Siku ya kuweka fremu za milango, fundi mkuu alimwita. Alikuwa mtu wa maneno machache na penseli sikioni. "Kwenye nyumba hizi," akasema, "mlango hauwekwi ukutani. Mlango unawekwa kwanza, ukuta unakuja kuuzunguka. Kwa hiyo simama hapa, niambie unapotaka."

Msusi akasimama. Akashika kiuno, viwiko nje, akajigeuza huku na huku. "Upana huu. Nina mteja mmoja anauza mkaa, sitaki aingie kwangu kwa ubavu kama mtu anayepita kwenye miiba."

Fundi akapima viwiko vyake kwa kamba, akacheka kwa pua, akakata mbao. Fremu ikasimama. Msusi mwenyewe akapigilia mbao za kuikaza pembeni ili zege lisije likaibonyeza. Jioni ile alipita ndani ya fremu, akatoka, akapita tena, hakuna ukuta juu wala kitasa, mtu mzima anaingia na kutoka katika mlango wa hewa. Dada yake alimwona.

Asubuhi ya kumwaga zege, dada mtu alikuja akiwa mpole, na upole wa dada mtu ni kama mvua ya kiangazi, ukiiona jiulize imetoka wapi.

"Mdogo wangu, nenda kwa shangazi ukatuletee ile sufuria kubwa. Watu tutawapikia wapi leo?"

"Si tuna sufuria mbili jikoni?"

"Zile za kukaangia mayai? Hawa ni wanaume wanabeba ndoo za zege, wewe. Nenda, utawahi."

Shangazi alikaa ng'ambo ya mji. Msusi alipofika, amechoka, miguu imejaa vumbi, shangazi alimtazama kama mtu anayemtazama kuku aliyeingia sebuleni.

"Sufuria gani tena, mwanangu? Dada yako si alikuja mwenyewe kuichukua juzi? Ameipoteza?"

Msusi aligeuza pale pale. Maji aliyopewa aliyaacha kwenye kikombe. Njia nzima ya kurudi alikuwa akijiambia labda dada amesahau, mtu ana mambo mengi, nyumba ni kazi. Lakini miguu yake haikuamini, ilikuwa inakimbia.

Alipofika, mafundi walikuwa wanaosha sepetu. Ukuta wa upande wa barabara ulikuwa umesimama mweupe moja kwa moja, toka kona hadi kona, una dirisha moja tu, na juu yake zege bichi linang'aa. Fremu yake ya mlango ilikuwa imelazwa juu ya lundo la mchanga. Juu ya fremu, imejaa wali, imeketi sufuria ya shangazi.

Fundi mkuu alimwona uso, penseli ikamdondoka. "Dada yako alisema mmeshazungumza," akasema. "Alisema umeamua kupitia sebuleni."

"Nimeamua?"

"Alisema hivyo. Na nondo akaniambia niongeze pale, pasije pakawa na udhaifu."

Dada mtu akatokea, anapangusa mikono. "Usinitazame hivyo, mdogo wangu. Nyumba ya heshima ina mlango mmoja. Milango miwili ni gesti. Wewe utapita sebuleni kama mtu wa familia."

"Na wateja wangu?"

"Na wao watapita. Wakivua viatu."

"Mama alisema kila mtu na mlango wake."

"Mama alisema hivyo kwa vyumba vya udongo. Hii ni nyumba ya kisasa."

Bwana Baridi alikuwa nyuma ya mkewe, anachunguza ukucha wake. "Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, "hata hivyo ndani ni baridi."

Msusi alielewa pale pale, na nyie eleweni pamoja naye. Mwenye mlango wake ni mwenye nyumba. Anayepita sebuleni kwa mwenzake ni mgeni, na mgeni, hata akikaa mpaka mvi zimshuke, ipo siku ataulizwa anaondoka lini.

Wakahamia. Sebule ya dada mtu iliwekwa zulia jekundu lenye manyoya marefu, na juu ya zulia likawekwa kochi, na juu ya kochi akakaa dada mtu. Kila mteja wa msusi ilibidi apite mbele ya kochi lile amebeba viatu mkononi.

"Unakwenda kwa nani?"

"Kwa msusi, mama."

"Nywele hizo si ulisuka juzi juzi? Mbona zimefumuka mapema?"

Wateja wa watu hawapendi kuulizwa habari za nywele zao na mtu asiyezisuka. Wakaanza kupungua. Ukionekana unywele kwenye zulia, dada mtu aliuokota kwa vidole viwili, akauweka kwenye kisosi, akauleta mpaka chumbani kwa msusi kama anayerudisha mali iliyopotea. Na hapo ndipo palipouma kuliko kote, maana alikuwa akiingia bila hodi. Msusi akiwa amevaa, akiwa hajavaa, akiwa anasali, akiwa amelala, mlango wa ndani unafunguka, kisosi hicho.

"Dada, piga hodi basi."

"Mtu hapigi hodi nyumbani kwake," dada mtu akajibu, akaenda zake. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekutajia siku ya wiki.

Dirisha likaanza kwa bahati. Siku moja dada mtu alikwenda harusini akaondoka na ufunguo, na msusi akarudi kutoka sokoni na mteja nyuma yake, wakakuta nyumba imefungwa. Walizunguka. Lile dirisha la upande wa barabara fundi alikuwa ameliweka chini na pana, ili msusi apate mwanga wa kazi. Msusi akalitazama, akaitazama ndoo ya saruji iliyoachwa pale, akaigeuza kifudifudi, akakanyaga, akainua gauni, akaingia. Mteja akafuata. Walisuka, walicheka, mteja akatoka kwa njia aliyoingilia. Dada mtu aliporudi na ufunguo wake, msusi alikuwa amekwisha amua.

Toka siku ile hakukanyaga zulia lile tena. Asubuhi anatoka dirishani, jioni anaingia dirishani. Maji yanapita dirishani, mkaa unapita dirishani, godoro jipya lilipita dirishani likiwa limekunjwa kama andazi. Ndoo aliipaka rangi ya bluu na kuifunga kitambaa juu, mtu asiteleze. Akiulizwa anajibu kwa adabu kabisa kwamba huo ndio mlango aliojengewa.

Wateja walirudi. Si kurudi tu, walileta wenzao waje kuona. Kusuka kwa msusi kukawa na mchezo wa bure. Na mtu kichwa chake kikiwa mikononi mwa msusi, masikio hayana pa kwenda. Kila aliyekaa kati ya magoti yale alisikia habari ya sufuria ya shangazi tangu mwanzo hadi mwisho, akaondoka nayo pamoja na nywele zake. Ikasikika sokoni. Ikasikika kwenye mashine ya kusaga. Waliokuwa hawajui hata jina la dada mtu walijua rangi ya zulia lake.

Kuta zile hazipitishi kelele, kwa hiyo mwenye zulia alikuwa wa mwisho kujua. Alikuwa amekaa kwenye kochi lake, kimya kitamu, baridi, na nyuma ya ukuta mtaa mzima unapanda na kushuka. Aliambiwa na muuza nyama.

"Mama, ninyi ndio mnaokaa kwenye ile nyumba isiyo na mlango?"

Nyama ile hakuinunua. Alikuja moja kwa moja, akafungua mlango wa ndani, bila hodi.

"Utaniaibisha mpaka lini?"

Msusi alikuwa na kitana mdomoni. Akakitoa taratibu. "Mimi? Mimi naingia kwangu tu, dada."

"Ingia mlangoni."

"Mlangoni kwako kuna zulia. Miguu yangu ina vumbi."

"Unafanya makusudi."

"Na wewe sufuria uliichukua kwa bahati mbaya."

Mteja aliyekuwa anasukwa akainama kabisa, mabega yanatikisika. Dada mtu akamtazama mteja, akamtazama mdogo wake, akaurudishia mlango kwa nguvu zake zote. Mlango wenyewe ulikuwa wa kisasa, wenye mpira pembeni. Haukutoa hata mlio.

Aliyemponza dada mtu ni mumewe. Bwana Baridi alikuwa amekusudia kuwajengea watu wengine, na nyumba yake ndiyo ilikuwa ya mfano. Akaleta watu wa kwanza: mzee mmoja mstaafu, mnyenyekevu, na mke wake, mama mfupi mwenye miwani ambaye ndiye aliyekuwa na uamuzi. Bwana Baridi akawaonyesha sebule, jiko, akawapigisha ukuta ngumi, akawaambia wasikilize, hawakusikia kitu, akafurahi. Halafu akakosea. Akasema tuzunguke muone kwa nje.

Walipotokea upande wa barabara, waliona nusu ya mwanamke. Alikuwa yule muuza mkaa. Nusu yake ya mbele ilikuwa imekwisha ingia kwa msusi, na nusu ya nyuma, iliyo kubwa zaidi, ilikuwa imekaa dirishani inafikiri.

"Vuta pumzi," sauti ya msusi ilisikika kutoka ndani.

"Nimeivuta. Ndiyo imenikwamisha."

"Basi itoe."

"Nikitoa nitacheka."

Mama mwenye miwani alisimama. "Na hii ni nini?"

Bwana Baridi alimeza mate. "Hii, mama, ni sehemu ya hewa."

Muuza mkaa akaanza kucheka, akalegea, akapita, akasikika akianguka ndani juu ya godoro. Mahali pake kikatokea kichwa cha msusi, kimefungwa kilemba safi, na uso wa mtu ambaye hajawahi kumkosea hata sisimizi.

"Karibuni. Msishangae, huku tunaingilia hapa. Nyumba ni nzuri sana, shemeji anasema kweli, nje joto, ndani baridi. Ina tatizo moja dogo. Mlango ukisahaulika siku ya zege, umekwenda na maji."

"Walisahau mlango wako?" mama mwenye miwani akauliza.

"Nilitumwa sufuria," msusi akasema kwa unyonge, na akanyamaza hapo hapo. Aliyetega ndoana hapigi kelele.

Mama yule akamgeukia mumewe. "Unasikia? Mimi najijua. Leo nitataka mlango huku, kesho kule. Nyumba isiyosahihishika siitaki. Twende tukatazame ya matofali."

Bwana Baridi aliona kazi yake ya kwanza inaondoka na viatu vya mama yule. Akaruka mbele. "Mama, inasahihishika. Kuna mashine ya kukata zege. Mlango unakatwa wakati wowote, ni kazi ndogo sana."

"Ni kazi ndogo?"

"Ndogo kabisa."

"Basi mkatie huyu, tuone," mama mwenye miwani akasema. "Jumamosi tutakuja kutazama." Akapandisha miwani puani, akamwambia msusi kwaheri, wakaondoka.

Yaliyosemwa kwenye kochi siku ile msusi hakuyasikia, kuta ni kuta. Lakini Bwana Baridi alilala kwenye kochi hilo siku kadhaa, hilo msusi alilijua kwa jinsi shemeji alivyotembea.

Jumamosi fundi mkuu alifika na mashine yake, na wateja wa msusi walifika wote, hata waliosukwa jana. Mama mwenye miwani alipewa kiti. Dada mtu hakutoka. Msusi akamwonyesha fundi mahali pa mlango wake, pale pale alipokuwa ameshika kiuno.

Fundi akatikisa kichwa. "Pale niliambiwa nijaze nondo, nikajaza. Mashine hii itakufa pale. Lakini chini ya dirisha hapana shida. Juu ya dirisha ukuta tayari umeshikiliwa, tunashuka na kisu kulia, tunashuka kushoto, kipande kinatoka, dirisha linakuwa mlango."

Msusi akatazama mahali pake, akatazama dirisha. Alitaka kosa litenguliwe pale lilipotendwa, asiwepo wa kusema baadaye kwamba alipewa njia nyingine. Lakini miguu yake ilikuwa imezeeka kwa kuruka.

"Kata," akasema.

Mashine ikalia. Maji yakatiririka meupe kama maziwa, cheche zikatoka kila ilipokutana na nondo, na povu likaruka vipande vipande mpaka barabara ikafanana na mahali waliponyonyolewa kuku wa harusi. Kipande cha ukuta kilipoangukia nje, ardhi ilitikisika, na hapo dada mtu alitoka, akatazama kutoka kwenye kona. Kwa mara ya kwanza alisikia kitu.

Fremu ya zamani ilitafutwa. Mafundi walikuwa wakiitumia kama benchi, ilikuwa imepinda na ina mafuta ya wali. Fundi akairanda, akaikaza, akaning'iniza mlango. Muuza mkaa akaingia kifua mbele, akatoka, akaingia tena. Mama mwenye miwani akaupima mlango kwa mikono, akasema sawa, na Bwana Baridi akapata nyumba yake ya kwanza ya kujenga. Kwa furaha hakuona kwamba shemeji yake sasa ana mlango lakini hana dirisha. Msusi akamwonyesha.

"Wiki ijayo, shemeji," akasema. "Kisu cha mashine kimekwisha."

Ukabaki mlango wa ndani. Ule wa kisosi.

Nyuma ya choo ilikuwepo mikate iliyobaki, mitupu, inayonyeshewa. Dada mtu alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya, msusi na muuza mkaa waliiingiza, wakaikata kwa kisu cha jikoni, wakaipanga katika mlango wa ndani toka chini mpaka juu, ikakaza vizuri, meno kwa meno. Halafu msusi akakoroga saruji kidogo kwenye kikopo. Akainyunyiza kwenye maungio, kidogo hapa, kidogo pale, na tone moja akaliacha kwenye zulia jekundu kwa bahati mbaya. Hayo aliyafanya kwa kunyoosha mkono kabla hajauziba mstari wa mwisho, na sepetu yenye tope akaiegemeza upande wa sebuleni.

Ubaya wa mikate ile, au uzuri wake, ni kwamba kwa kuitazama huwezi kujua. Uliojaa zege na mtupu ni weupe ule ule.

Dada mtu akarudi kutoka kwaya anaimba. Akafungua mlango wa ndani, akakutana na ukuta. Msusi alikuwa upande wa pili na kichwa cha mteja mapajani, na alisikia kila kitu, maana mkate mtupu unapitisha hata pumzi. Mwenye kujua nyumba za povu angelitambua jambo kwa hilo peke yake. Dada mtu hakulitambua.

"Amemwaga zege," alisema.

"Haiwezekani," Bwana Baridi akajibu.

"Tazama sepetu. Tazama zulia langu."

Bwana Baridi, ambaye amekumbatia povu kuliko alivyomkumbatia mtu yeyote, alisogea karibu. Msusi alisikia vidole vyake vinagonga, tuk tuk, kama mtu anayechagua tikiti. Akangoja.

"Ni zege," Bwana Baridi akasema. "Zege tupu. Hapo hakuna la kufanya."

Msusi akauma kitana. Mateso ya kochi nayo yana malipo yake.

"Sasa nikitaka kumwona nitafanyaje?" dada mtu akauliza.

"Utazunguka nje. Ana mlango."

"Nizunguke? Nikapige hodi kwenye kiwanja cha mama yangu?"

"Basi kaa," mumewe akasema.

Na amekaa. Mikate ile paka angeweza kuisukuma. Mtaa mzima unajua, mama mwenye miwani anajua, shangazi ng'ambo ya mji anajua. Asiyejua ni mmoja. Akiwa na neno, hulituma kwa mumewe, au hulisema kwa sauti kubwa akiwa anaanika nguo, akiziambia nguo.

Siku moja alizunguka. Msusi alimwona kivuli kwanza, kikaja mpaka kizingitini, nyuma yake dada mtu mwenyewe, ameshika bakuli lililofunikwa. Mlango ulikuwa wazi. Wateja wawili walikuwepo. Dada mtu alisimama pale na bakuli lake, akatazama juu ya mlango, akatazama chini, mdomo ukafunguka kidogo.

Akakohoa.

Mikono ya msusi ilisita ndani ya nywele za mtu. Ulimi ulimwasha kusema karibu, maana dada ni dada, na bakuli lilikuwa linafuka. Akasubiri. Dada mtu akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Msusi akachukua fungu jingine la nywele, akaligawa mara tatu, akaendelea kusuka. Kivuli kikarudi kilikotoka.

Bwana Baridi anadaiwa dirisha, na wiki ijayo yake bado haijafika. Hilo linaweza kungoja, mlango ukiwa wazi mwanga unatosha. Dada mtu anadaiwa hodi moja, isemwe kwa sauti, nje ya mlango wa mdogo wake, na isubiri mpaka ijibiwe.